Wahame bondeni, wahamie wapi?

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mvua za juu ya wastani, haupiti muda agizo lilelile linatoka: wananchi wanaoishi mabondeni wahame mara moja. Hutolewa kwenye mkutano wa hadhara, hurudiwa redioni, kisha hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Anayelitoa hana nia mbaya, na pengine amekwisha kushiriki mazishi ya waliosombwa na maji. Lakini kwa mkazi wa vijiji vya kando ya Mto Luengera na Mto Pangani wilayani Korogwe, agizo hilo lina pengo. Halisemi wahamie wapi.

Nitasema moja kwa moja ninachokiamini. Katika sehemu kubwa ya Korogwe watu wanaishi bondeni kwa sababu ardhi ya juu iliyo kavu, na iliyo karibu na mashamba yao, ina mwenyewe tangu enzi za Mjerumani, yaani mashamba makubwa ya mkonge. Tusipolizungumza hilo la ardhi waziwazi, tutaendelea kugawa unga na mablanketi kila mafuriko yanapokuja, na kuwalaumu wenye nyumba zilizoanguka kwamba ni wakaidi.

Wengi wanaijua Korogwe kwa kushuka kwenye basi kula, katikati ya safari ya Dar es Salaam na Arusha. Anayetaka kuyaelewa mafuriko yake itabidi ainue macho aitazame milima. Upande mmoja ipo Usambara ya Magharibi, upande wa pili Usambara ya Mashariki, na kati yake limelala bonde refu la Luengera, linaloshuka kutoka Mashewa, likapita Magoma, mpaka mto unapoungana na Pangani karibu na mji wa Korogwe. Mvua ikinyesha usiku kule juu, maji huteremka kwa saa chache tu. Watu wa chini wanaweza kulala anga ikiwa na nyota, bila tone la mvua, wakaamshwa na maji yakiwa mlangoni. Mafuriko ya namna hiyo hayampi mtu nafasi ya kufungasha. Anabeba mtoto na simu, basi.

Pangani wenyewe una tabia nyingine. Chimbuko lake ni Kilimanjaro na Meru, na kabla ya kufika Korogwe maji yake huzuiwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 ili mto uwe na mtiririko wa uhakika kwa mitambo ya umeme iliyo chini yake: Hale, yenye megawati 21 tangu 1964, na baadaye Pangani Falls mpya, yenye megawati 68 tangu 1995. Mafuriko ya Pangani hupanda siku hadi siku, na yakishaingia shambani hukaa. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kabla ya bwawa, mto ulikuwa ukisambaza maji yake kwenye vinamasi vya Kirua kila mvua kubwa zinapokuja. Bwawa lilipokamilika, mafuriko yakawa nadra, vinamasi vikasinyaa, na ardhi iliyokuwa ya maji ikaanza kuonekana ardhi ya watu. Watoto wamezaliwa hapo, wakakua, wakajenga. Mwaka bwawa linapojaa hadi kumwaga, wao ndio wanaoambiwa wamejenga kwenye njia ya maji.

Basi kwa nini wasipande juu? Hapa ndipo lazima turudi kwenye mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu; ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo ulikuja uchumi mzima wa Tanga. Mkonge una masharti mawili yanayoeleza ramani ya Korogwe hadi leo. Kwanza, hautaki kusimama kwenye maji. Unataka ardhi inayokauka upesi baada ya mvua. Pili, kiwanda chake, yaani korona, kinahitaji maji mengi sana ya kuchambulia majani na kuosha nyuzi. Kwa hiyo mwekezaji wa wakati ule alitafuta ardhi iliyoinuka, kavu, lakini yenye mto jirani, na ikiwezekana reli iwe hatua chache. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Tazama yalipo mashamba ya Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale, utaona hesabu hiyo. Mwenye mkonge alichukua mgongo wa ardhi, na mwenyeji akabakiwa na kingo za mto.

Kisha wakaja manamba, watu waliochukuliwa kutoka mbali kuja kukata mkonge kwa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na wanaume kutoka kusini, magharibi na hata nje ya mipaka ya Tanganyika wakaletwa Tanga kwa maelfu. Walikaa makambini, kwenye vyumba ambavyo havikuwa vyao, juu ya ardhi ambayo haikuwa yao. Uzalishaji wa nchi ulifika kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000. Baada ya hapo kamba za plastiki zikaua bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inazalisha kama tani 20,000 tu. Korona zilisimama, kambi zikachakaa. Hati ya shamba, hata hivyo, haikufa pamoja na mkonge. Pori la vichaka lililoota juu ya mashamba yaliyotelekezwa liliendelea kuwa na mwenyewe kwenye makaratasi, na mzee aliyekata mkonge miaka thelathini, akastaafu bila kwao kwa kurudi, alishuka chini akaomba kipande cha kulima kwa wenyeji. Wenyeji nao walikuwa na nini cha kumpa zaidi ya bonde?

Wajukuu wa wazee hao wako bondeni leo. Anayewaita wavamizi wa kingo za mto anapaswa kwanza aseme babu zao walifikaje hapo.

Sheria nayo haijasaidia sana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizohizo 60. Ni sheria nzuri, na mimi naitetea, kwa sababu kingo zilizolimwa mpaka kwenye maji ndizo zinazomeguka na kujaza mto mchanga. Lakini kazi kubwa ya mita 60 ni kuulinda mto dhidi ya watu. Kuwalinda watu dhidi ya mto ni hesabu nyingine kabisa. Katika bonde tambarare kama la Luengera maji yakitoka kwenye kingo hayaishii mita 60. Yanaenda mpaka pale ardhi inapoanza kupanda. Kwa hiyo utakuta kaya imepimiwa, ikawekewa alama, ikasogea nyuma ya mstari kama ilivyoagizwa, na msimu uliofuata maji yakaifuata huko ilikosogea. Ofisa anaweza kusema sheria imetekelezwa. Nyumba imeanguka vilevile.

Nyumba zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ripoti hutaja idadi tu. Nyumba ya fito na udongo maji yakiizunguka, udongo humomonyoka zikabaki fito zimesimama, na familia ikirudi inaweza kukandika upya kwa nguvu zake na za majirani. Nyumba ya tofali mbichi huanguka nzima. Na mara nyingi haianguki maji yakiwa juu. Huanguka siku mbili tatu baadaye, watu wameshaanza kurudisha vyombo ndani, kwa sababu tofali za chini zimelowa zikalainika huku kuta na bati bado vinazielemea. Aliyejinyima miaka kadhaa akatoka kwenye fito akaingia kwenye tofali ndiye anayepoteza zaidi, na pengine ndiye anayepoteza mtoto. Nikisikia mtu anashauri kwamba watu wa bondeni "wajenge nyumba bora", nawaza hilo. Tofali bila msingi wa mawe na saruji, kwenye ardhi inayolowa, ni hatari kuliko fito.

Halafu njoo kwenye chakula. Mahindi yaliyolowa ghalani hayatupwi. Nani ana moyo wa kuyatupa? Huanikwa juani, kwenye turubai au pembeni mwa lami, yakitoa harufu ya kuchacha. Yakikauka huwa na ukungu wa kijani kibichi kwenye kiini. Yanasagwa hivyohivyo, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inaingia kwenye uji wa watoto bila kuhesabiwa kokote kuwa ni madhara ya mafuriko. Mbegu iliyotunzwa kwa msimu unaofuata imeenda na maji. Shamba la mpunga limefunikwa mchanga wa kufika kwenye kifundo cha mguu, na mchanga huo hauondoki kwa jembe la mkono mpaka upite msimu au zaidi. Mkopo wa VICOBA, kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa, uliochukuliwa kununua mbolea bado unadaiwa, na wanaoudai ni majirani ambao nao wamefurikiwa.

Na mipaka. Bondeni mpaka wa shamba ni mti, jiwe au kamfereji. Mto ukishapita juu yake, au ukihama na kukata mkondo mpya katikati ya shamba la mtu, kesi zinaanza kwenye baraza la ardhi la kata na zinaweza kudumu kuliko maumivu ya mafuriko yenyewe. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya tuta ambalo hakuna awezaye kuonyesha lilikuwa wapi.

Nakubali kwamba kuhamisha watu peke yake hakutoshi, na historia yetu inaonyesha. Baada ya mafuriko makubwa ya Rufiji ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni na kuwaweka kwenye vijiji vipya vya juu. Nia ilikuwa kuwaokoa, na kuwasogeza karibu na shule na zahanati. Lakini chakula chao kilikuwa kinatoka kwenye udongo uliorutubishwa na maji yaleyale, ikiwemo kilimo cha kupanda mara maji yanapopungua. Mashamba yakabaki mbali. Watu wakaanza kurudi kwa msimu, wakaishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili walinde mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Dar es Salaam nako, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Baadhi waliviuza wakarudi walikotoka, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini.

Wapo wanaosoma historia hiyo na kuhitimisha kwamba watu wa mabondeni hawasaidiki. Mimi nasoma kwamba walipelekwa mbali mno na mashamba na kazi zao. Mkulima wa mpunga haachi bonde, na hatupaswi kumtaka aliache, kwa sababu bonde ndilo linalomlisha yeye na ndilo linalopeleka mchele sokoni Korogwe, Muheza na Tanga mjini. Anachohitaji ni kulala juu na kulima chini. Nyumba, ghala, zizi, choo, shule na zahanati viwe mahali ambapo maji hayafiki, shamba libaki bondeni, na kati ya viwili hivyo pawe na mwendo wa miguu ambao mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kwenda asubuhi na kurudi mchana. Nusu saa, tuseme. Ukichora duara la nusu saa kutoka mashamba mengi ya bondeni Korogwe, unakuta ardhi ya mkonge.

Ndiyo maana naamini mazungumzo ya mafuriko ni mazungumzo ya mkonge. Sheria haitufungi mikono. Ardhi yote nchini iko chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Hati za mashamba yaliyotelekezwa zimewahi kufutwa mkoani Tanga. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, ikawa ya kijiji. Sisemi shamba linalolimwa livunjwe. Ninachoomba ni ukanda wa makazi, kipande cha pembezoni mwa shamba, upande unaotazama mto, kipimwe viwanja na kikabidhiwe kijiji kwa hati. Mashamba hayo ni ya maelfu ya hekta. Viwanja vya kijiji kizima haviwezi kuliua shamba la ukubwa huo, na mwenye shamba atapata wafanyakazi wanaoishi karibu, ambao hawapotei wiki mbili kila mto unapomwaga.

Jambo hili lina haraka. Mkonge umefufuka. Bei imepanda kuliko ilivyokuwa wakati wa unyonge wake, serikali ilijiwekea lengo la kufikisha tani 120,000 ifikapo mwaka 2025, na wakulima wadogo kupitia vyama vyao vya ushirika (AMCOS) wanalima ekari walizogawiwa ndani ya mashamba ya Korogwe. Nafurahi kwa hilo bila kinyongo. Tanga bila mkonge imeteseka vya kutosha. Lakini ufufuo huu unamaanisha mapori yanasafishwa, mipaka inapimwa upya, na kila hekta inapangiwa miche. Ardhi ambayo miaka ishirini iliyopita ingeweza kutolewa bila mtu kuumia, leo ina thamani, na kesho itakuwa na mkopo wa benki juu yake. Tukichelewa, tutaambiwa kwa haki kabisa kwamba hakuna nafasi.

Tukisubiri ardhi, tahadhari nazo zinaweza kuboreshwa kwa fedha kidogo. Agosti 2023 wataalamu wetu wa hali ya hewa walitutangazia El Niño, na ikaja kama walivyosema. Hata hivyo, Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya 200,000. Utabiri ulikuwepo, kilichokosekana ni hatua ya mwisho, kutoka kwenye taarifa ya taifa mpaka kwenye kitongoji. Kwa Luengera hatua hiyo si ngumu kuifikiria. Watu wa milimani wana simu. Mtendaji wa kijiji cha juu anapoona mto umebadilika rangi na kubeba magogo, ampigie mwenyekiti wa kitongoji cha chini, naye apulize filimbi au agonge kengele ya shule. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo zipewe kazi hiyo mahususi, na vocha ya simu. Kwa Pangani ni rahisi zaidi, kwa kuwa kina cha Nyumba ya Mungu kinapimwa, na maji yakianza kumwagika bwawani huchukua muda kufika chini. Taarifa hiyo ifike Korogwe siku ileile, kwa Kiswahili cha kawaida: maji yanakuja, ondoeni ghala.

Oktoba 2019, wakati mvua za vuli zilipokata barabara kati ya Korogwe na Handeni, kila chombo cha habari kilionyesha magari yaliyokwama. Barabara ilitengenezwa, na ilistahili. Walioanza upya kukandika kuta hawakuonekana sana, na wengi wao walikandika palepale.

Kitu cha kwanza ambacho halmashauri inaweza kufanya hakihitaji kibali kutoka Dodoma: iite kikao kimoja, wakae afisa ardhi, Bodi ya Mkonge, bodi ya maji ya bonde la Pangani, wenye mashamba na wenyeviti wa vijiji vya kando ya mto, waiweke ramani mezani na kuonyeshana maji yalifika wapi miaka ya nyuma. Wenyeviti wanajua, alama za maji ziko kwenye kuta za shule. Na orodha ya watakaopewa viwanja isianze na wenye nyumba wanaojulikana. Ianze na wapangaji wa mashamba, wajane wanaolima kwa kuazimwa, na vijana waliooa wakajenga kibanda kwenye uwanja wa baba. Hao hawamo kwenye rejista ya ardhi ya kijiji, na kwa hiyo hukosa hata unga wa msaada unapokuja. Wakikosekana kwenye orodha ya viwanja, ndio watakaobaki chini peke yao.